Kabla hujafuga kasuku, sikia jinsi neno "karibu" lilivyomaliza unga nyumbani kwangu Musoma

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nachungulia nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nalala. Leo nimeshindwa kunyamaza, maana kuna mwenzetu kaanzisha uzi anauliza kasuku anauzwa bei gani, anataka amfuge nyumbani watoto wafurahi.

Watu wakamjibu bei. Mmoja akamwambia "fasta mkuu, ni uwekezaji mzuri."

Hakuna hata mmoja aliyemwambia ukweli. Namwambia mimi, na sitatia chumvi, maana hata chumvi yenyewe pale kwangu siku hizi tunaipima.

Mimi ni fundi friji hapa Musoma. Nazunguka na pikipiki yangu natengeneza friji za majumbani na friza za wauza samaki. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuna binti mmoja, Wegesa, yuko darasa la tatu. Maisha ya kawaida tu, ugali na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, sato mwezi ukiwa mzuri.

Kasuku sikumnunua, naomba hilo lieleweke mapema. Ni wa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa dereva wa misheni huko kwetu Butiama kwa miaka mingi. Padre mmoja mgeni alipostaafu na kurudi kwao, kila mfanyakazi aliachiwa kitu. Mpishi aliachiwa baiskeli. Mtunza bustani aliachiwa redio. Baba akaja nyumbani na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, pamoja na bahasha ya karatasi zake. Marehemu mama alinuna wiki nzima kwa sababu ya ile baiskeli.

Baba akampa ndege jina la Karani. Kule kwetu watu wanalima pamba, na karani wa mizani mnamjua anavyoinamisha kichwa kutazama kilo zako. Yule ndege alikuwa anainamisha kichwa vilevile mtu akiongea. Neno likishapita mbele yake limeandikwa, halifutiki.

Sasa baba alikuwa mtu wa watu. Ukipita nyumbani kwetu kijijini Buswahili ukapiga hodi, kabla hujamaliza unasikia sauti nzito inatoka ndani: "Karibu! Pita ndani! Ugali upo!" Halafu anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeridhika.

Kama ugali upo kweli au haupo, aliyekuwa anajua ni mama.

Karani aliisikia sentensi hiyo miaka na miaka. Akaishika yote, na sauti ileile ya baba, na kikohozi chake mwishoni.

Mwaka jana baba akapigwa kiharusi.

Tulimkimbiza hospitali, Mungu akasaidia. Akatoka anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia mzito, na kauli imepotea kabisa. Daktari wa mazoezi akatuambia, "Anasikia kila kitu na akili yake ipo. Mzungumzisheni, msikose kliniki. Kauli inaweza kurudi, inaweza isirudi." Nikamchukua akae kwangu Musoma, karibu na matibabu.

Wakuu, iliniuma. Mtu ambaye ulikuwa unaisikia sauti yake ukiwa bado barabarani, sasa anashika kikombe anakutazama tu. Unamwambia habari za asubuhi, anatikisa kichwa. Miezi mitano, neno hakuna.

Ndipo dada yangu Nyabise, aliyebaki kulinda nyumba Buswahili, akanipigia simu.

"Wewe, njoo uchukue ndege wa baba. Anajinyonyoaga manyoya, kifua kimebaki kama kuku wa supu. Na mimi nikiwaga naosha vyombo ananiita na sauti ya baba. Nimeshaitika mara ngapi? Mimi siwezi, nitachanganyikiwa."

Nikaenda kwa basi, maana huwezi kuendesha pikipiki na tundu mkononi. Bodaboda wa kunitoa kule hadi barabara kuu akadai nauli ya watu wawili. Nikamwambia huyu ni ndege. Akasema, "Mkuu, huyu amenisalimia. Huyu ni abiria." Nikalipa. Ile ndiyo ilikuwa gharama ya kwanza, na ningekuwa na akili ningemrudisha palepale.

Tulipofika nikaweka tundu sebuleni, dirishani. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Wakatazamana. Karani akainamisha kichwa, akajaza kifua chake kisicho na manyoya, akasema: "Karibu! Pita ndani! Ugali upo!" Akakohoa.

Sauti ya baba ikajaa nyumba nzima. Baba machozi yakamlenga, akagonga fimbo sakafuni. Ko, ko, ko.

Mimi na mke wangu tukatazamana. Mzee amefurahi! Tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba fimbo ikigonga, mzee ana furaha.

Wakuu, kumbukeni hiyo fimbo.

Sasa wewe unayetaka kufuga, sikia gharama.

Tundu la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu, nikamtengenezea la mbao na wavu wa kuku. Alilifungua siku ya pili asubuhi. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, tundu la nondo, bei yake karibu na geti dogo. Kabla halijakamilika alishakula fremu ya dirisha upande mmoja, rimoti ya televisheni, na waya wa friza ya mteja niliyoileta nyumbani nikidhani iko salama.

Chakula: hali makombo huyu. Ukimpa ukoko wa wali anautazama kisha anakutazama wewe. Anataka alizeti, karanga mbichi, papai, tango, hindi bichi. Nilifika mahali nanunua papai sokoni na Wegesa ananiuliza, "Baba, hili ni la Karani au na sisi tutakula?"

Karatasi: kasuku si kuku. Ana kibali, kibali kina mwisho wake, na wa kukifuatilia ni wewe. Ukiletewa kasuku kwenye boksi la viatu kwa bei ya kutupa ukadhani umepata dili, hiyo ni kesi unainunua. Usithubutu.

Matibabu: kwa ajili ya yale manyoya nikaelekezwa kwa daktari wa mifugo mmoja Bunda. Nikapanga foleni na tundu langu mapajani. Mbele yangu kuna ndama, nyuma yangu mbuzi wawili, na wenye mifugo wananitazama kama mtu aliyepotea njia. Daktari mwenyewe mkweli. Akasema, "Mimi ng'ombe nimetibu tangu kijana. Huyu ngoja nimpigie mwenzangu." Wakaongea nusu saa, kwa vocha yangu.

Jibu likaja kwamba ana upweke. Anatakiwa kuongeleshwa, kuogeshwa, na kununuliwa vitu vya kuchezea.

Nikauliza anaishi muda gani. Daktari akasema akitunzwa vizuri anafika miaka hamsini, wengine wanapitiliza.

Nilipiga hesabu njia nzima kurudi Musoma. Yaani siku ya msiba wangu mtu atapiga hodi, na Karani atamjibu kwamba ugali upo.

Lakini wakuu, hayo yote ningeyamudu. Kilichonivunja mgongo ni wageni.

Hapa niwaeleze wale wa mbali. Sisi huku mtu akipiga hodi mara tatu asipojibiwa, anaondoka zake, na hana kinyongo. Kule kijijini hilo halina kazi, maana kila mtu anajibu. Mjini limetuokoa wengi. Kamati ya harusi ya mtu usiyemjua inakuja na kadi ya mchango, unazima televisheni, unamwashiria mtoto anyamaze, mnahesabu hodi pamoja. Moja. Mbili. Tatu. Viatu vinaondoka. Mjini kila mtu ana haki ya kutokuwepo.

Karani alitunyang'anya haki hiyo.

Tena ukishamkaribisha mtu, umemkaribisha. Huwezi kumwambia "samahani, aliyejibu ni ndege." Amesikia sauti ya mtu mzima inamwambia ugali upo, na anauona ugali upo mezani. Utamfukuzaje?

Wa kwanza alikuwa Mzee Masatu, mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa na kawaida ya kupiga hodi ya salamu tu, huku anapita, jioni akitoka matembezini. Jioni hiyo akajibiwa. Akaingia, akanawa, akala. Kesho yake tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi mtu wa Musoma mjini jembe ningelitoa wapi?

Halafu ikaenea mtaani kwamba mzee wetu ameanza kuongea. Watu wanapita barabarani wanasikia sauti ya mzee inakaribisha, wanafurahi, wanakuja kumpongeza. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuja tisa, wakaingia na wimbo. Wakamkuta baba kwenye kiti, kimya. Karani akawakaribisha mara ya pili. Wakamtazama ndege, wakamtazama baba, yule kiongozi wao wimbo ukamfia mdomoni.

Hiyo iliniuma kuliko gharama yoyote. Waliomba, wakamshika baba mkono. Kisha wakala, maana ugali ulikuwepo.

Na kila Karani akikaribisha mtu, fimbo ya baba: ko, ko, ko.

Mke wangu ni mtu mvumilivu. Mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, ambao zamani ulitutosha mwezi, ukawa haufiki wiki mbili. Nikilalamika ananiambia, "Baba Wegesa, mzee wako alizoea watu. Husikii anavyogonga fimbo? Hiyo ndiyo furaha pekee aliyobaki nayo. Tuvumilie."

Tukavumilia. Mwezi mmoja tukaruka kliniki ya mazoezi kwa sababu hela imekwenda kwenye unga na samaki. Mwezi uliofuata tukaruka tena.

Usiku wa siku tuliyoruka mara ya pili sikulala. Baba alikuwa anahitaji ile kliniki kuliko kitu chochote, na mimi hela yake nilikuwa nawalisha wapita njia. Asubuhi nikampigia mtu mmoja wa Bunda mwenye nyumba ya wageni, ambaye aliwahi kumwona Karani kule kwa daktari akampenda, akaniachia namba. Anataka ndege wa kuchangamsha bustani yake. Alitaja bei ambayo ingelipa kliniki karibu mwaka mzima. Tukakubaliana taratibu zote za kibali tungezifuata, aje Jumamosi amtazame tena.

Sikumwambia baba.

Nilijiambia, hawezi kujibu, nimwambie ili iweje? Naiandika hapa sentensi hiyo kama nilivyoifikiria, ili na ninyi mnione nilivyokuwa.

Jumamosi mchana tuko mezani. Mke wangu alikuwa amekung'uta mfuko wa unga mpaka ukageuka nje ndani, akatoa ugali mdogo, na sangara wa kugawana. Tupo baba, mimi, mke wangu, Wegesa, na Mzee Masatu, ambaye siku hizo alishahamia hata mlo wa mchana.

Nje pikipiki ikazimwa. Yule mtu wa Bunda akapaza sauti: "Hodi wenyewe!"

Karani akainamisha kichwa. "Karibu! Pita ndani! Ugali upo!" Akakohoa.

Fimbo ya baba ikagonga. Ko! Ko! Ko! Nguvu ya siku hiyo haikuwa ya kawaida, vikombe vilicheza.

Nikamwambia mke wangu, "Ona mzee anavyofurahi."

Baba akanigeukia. Wakuu, kuna jicho baba yangu alikuwa nalo zamani, ukiliona unajua mkanda unafuata. Sikuwa nimeliona tangu niko darasa la sita. Mishipa ya shingo ikamsimama, mdomo ukapinda upande mmoja, pumzi ikatoka kwanza bila neno. Kisha:

"Hau... hau... HAUPO!"

Mzee Masatu alikuwa na tonge njiani. Akalirudisha kwenye sahani polepole, akaliweka pale alipolitoa.

Wegesa ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Babu kasema! Babu kasema haupo!"

Mke wangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Baba akainua fimbo akamwelekezea Karani, akarudia: "Haupo. Haupo! Haupo!" Kila akirudia neno linanyooka zaidi. Ndilo neno lake la kwanza ndani ya miezi saba.

Nje yule mteja akasikia, akadhani anajibiwa yeye. Akasema kwa adabu, "Basi haina shida, nitapita siku nyingine."

Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamuuliza, "Baba, hiyo fimbo siku zote ulikuwa unafurahi?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Ulikuwa unakataza?"

Akakubali kwa kichwa mara nyingi mpaka nikaogopa shingo.

Mara ya kwanza, siku Karani alipofika, labda ilikuwa furaha kweli. Baada ya hapo mzee alikuwa anaona kila kitu. Aliona mfuko wa unga unavyolegea. Alijua kliniki imerukwa mara mbili. Na anayeugawa ugali wa mwanawe ni sauti yake mwenyewe, imekaa dirishani, na yeye hana namna ya kuikatalia isipokuwa fimbo. Sisi tukawa tunamtazama tunasema mzee ana furaha. Hata siku moja hatukumuuliza, na kichwa cha kujibu ndiyo au hapana alikuwa nacho muda wote.

Nilimfuata mtu wa Bunda barabarani nikamweleza, nikamwomba radhi. Alicheka, akasema na yeye ana mzee nyumbani. Tukaachana vizuri.

Kliniki tumerudi. Yule daktari wa mazoezi nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ndege asiondoke, awekwe karibu na kiti, na mzee aachwe abishane naye kadiri anavyotaka. Hela ya kliniki nimeipata kwa kuuza pikipiki yangu, kazini sasa naenda kwa miguu na begi la spana. Si haba. Baba sasa ana maneno kama kumi na tano. Haupo, toka, chai, Wegesa, bado, na mengine mawili ya kumtukana Karani ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mzee Masatu hakuonekana siku tatu. Ya nne akaja na kilo kumi za unga kwenye baiskeli. Akasimama mlangoni bila kupiga hodi, akasema, "Mimi nilidhani huyu ndege mnamfundishaga ninyi, kwamba ndiyo namna yenu ya kuniita." Anaishi peke yake yule mzee. Sasa anakuja Jumapili, tunamkaribisha kwa midomo yetu.

Na Karani? Manyoya ya kifuani yameanza kuota. Tena amejifunza kitu kipya, maana ndiyo kazi yake, kuandika.

Siku hizi mtu akipiga hodi, anajibu kwanza kwa sauti ya zamani ya baba, ile nzito ya Buswahili: "Karibu! Pita ndani! Ugali upo!" Anakohoa. Halafu anainamisha kichwa upande wa pili, anajijibu mwenyewe kwa sauti ya baba ya sasa, ile ya kupinda na kuvuta pumzi: "Hau... haupo!"

Watu wanasimama getini hawajui washike lipi. Wengi wanaondoka. Mfuko wa unga umerudi kufika mwisho wa mwezi.

Mimi nikiwa nje natengeneza friji ya mtu huwa naacha spana nisikilize. Sauti zote mbili ni za baba yangu, ya kabla na ya baada, na zote mbili nazitaka.

Kwa hiyo wewe mwenzangu uliyeuliza bei, bei ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote. Jiulize kama una hela ya tundu, ya papai, ya kibali, ya daktari wa kumpigia daktari mwenzake, na kama una mtoto wa kumwachia. Jiulize pia nyumbani kwako kunasemwa nini kila siku, maana hicho ndicho utakachokisikia miaka hamsini. Na kama una mgonjwa asiyeweza kusema, muulize mwenyewe. Usiisemee fimbo yake.

Mwenye ujuzi wa kumzuia kasuku asile waya aniwekee hapa chini, nasoma kila kitu. Wenye kunicheka pia ruksa, nimeshazoea.

Ila ukipita Musoma jioni, saa za chakula, ukasikia sauti ya mzee inakukaribisha kutoka dirishani, tafadhali subiri kidogo usikie na ya pili.

Haupo.